Kidonda cha babangu wiki ya 9 hakifungi, eti "seli za ngozi zimechoka". Zimechokaje?

binti_langoni

Assalaam aleikum jamaa. Niko Amu (Lamu), naandika hapa manake nyumbani kila mtu ana lake na mimi kichwa kishajaa. Babangu ni fundi wa mashua, ana miaka 63, sukari anayo huu mwaka wa 14 na vidonge anakunywa siku akikumbuka. Wiki tisa nyuma alikuwa Matondoni kazini, akarudi jioni kwa chombo, akapita barazani akakaa na wenzake mpaka isha, ndo akaja nyumbani akavua ndala mlangoni. Mamangu akaona damu kwenye mkeka. Kugeuza ndala, msumari umepenya soli umetokeza juu. Wallahi mzee hakusikia chochote. Katoka nao Matondoni, kakaa nao barazani, kapiga soga na kucheka, msumari uko ndani ya unyayo wake.

Kidonda kilikuwa kitundu tu, kama punje ya mtama. Akatia mafuta ya taa na chumvi kama wazee wanavofanya, siku ya pili huyo kazini. Sa hii ni shimo chini ya kidole gumba, upana kama sarafu ya shilingi kumi, pembeni ngozi nene nyeupe imekuwa ngumu kama kwato, katikati pekundu na kuna ute ute. Hakimuumi hata kidogo. Mimi hilo ndilo linanikosesha usingizi na yeye ndilo linalomfariji, anasema kisichouma hakina neno.

Juzi tumempeleka kliniki, sukari 17 na kitu, juu mno, na hajala chochote tangu usiku. Kijana aliyemsafisha akatwambia seli za ngozi za mzee zimechoka hazijui tena kufunga, akaandika antibayotiki akaita mwengine, foleni ilikuwa mpaka nje simlaumu. Lakini hilo neno limenikaa. Seli zinachokaje? Hazipumziki usiku? Mamangu anasema ni damu chafu, aumikwe itoke. Ami yangu anasema asali. Jirani anasema asile samaki kidonda kitawasha, sasa mtu wa Amu asile samaki ale nini. Na mzee mwenyewe hataki kusikia habari, kuna mashua ya watu inamngoja na pesa ya mbele alishakula. Mwenye kujua anifahamishe, lakini kwa lugha ya kueleweka tafadhalini.

kijana_wa_mokowe

Pole sana dada. Mimi sina elimu ya haya mambo ila babangu mdogo alianza hivihivi, kitundu, hakiumi, "kitapona tu". Walikata vidole viwili, baadae wakakata hapa chini ya goti. Usingoje. Ni hilo tu nililo nalo.

tibazetu_amu

Dada hii ni damu imeharibika na nyama ya samaki na kamba inazidisha. Nina mchanganyiko wa mwarobaini, habasoda, manjano na asali ya msituni, anapaka mara mbili na kunywa kijiko asubuhi, siku 21 kidonda kimefunga kabisa kwa idhini ya Mola. Wengi wamepona. Njoo inbox nikueleze bei.

nesi_mstaafu_faza

Wa aleikum salaam mwanangu. Mimi ni nesi, nimestaafu, nusu ya umri wangu nimeumaliza nikifunga miguu ya watu. Nitaandika marefu, kufupisha sijui.

Kabla ya seli kuna matatu ya haraka. La kwanza, alidungwa sindano ya pepopunda? Msumari, mguu, na mji wetu huu kila kichochoro kina mavi ya punda, na vijidudu vya pepopunda makazi yao ni udongo na kinyesi. Kama hakudungwa mwambieni daktari yeo hii. La pili, kuna mtu aliyeingiza kile kijiti cha chuma kwenye shimo kuangalia kina? Kikigota kitu kigumu ni mfupa huo, na mfupa ukishaingiliwa na vijidudu, ngozi ya juu hata ukiibembeleza vipi haifungi, itafunga leo ifumuke kesho. Apigwe eksirei ya mguu. La tatu, wekundu ukianza kupanda kuelekea kifundo, au mguu ukavimba, au harufu, au ngozi ikageuka nyeusi, au akatetemeka na homa, basi usiku huohuo mtafute boti msingoje alfajiri. Na mjue mtu wa sukari anaweza kuwa na usaha tele ndani na homa asiwe nayo, kwa hivo msingojee homa. Sukari ikipanda ghafla hali anakula vilevile, hiyo pia ni dalili.

Sasa hiyo ganzi. Sukari ikikaa juu miaka inaharibu mishipa ya fahamu, inaanza na ile mirefu zaidi, ndio maana ni vidole vya miguu kwanza na si pua. Babako hakuwa jasiri siku ile, habari hazikumfikia tu. Na mishipa hiyohiyo ndiyo inayoamrisha jasho, ikifa mguu hautoi jasho, ngozi inakauka, inapasuka kisigino, na kila ufa ni mlango. Muangalie mguu wake mwengine nina hakika utaukuta mkavu kama ngozi ya papa.

Nilipokuwa mwanafunzi tulisomeshwa habari za daktari mmoja Muingereza, Paul Brand, alifanya kazi Vellore huko India na watu wa ukoma. Watu wote waliamini ukoma unaozesha vidole. Yeye akafuatilia akakuta vidole haviozi vyenyewe, ni kwamba mtu hasikii, anashika sufuria ya moto, anatembea juu ya kidonda, kila siku anajiumiza upya na hajui. Dawa yake kubwa ilikuwa plasta, ile ya mfupa uliovunjika, anaufunga mguu mzima uzito usambae usikae pale kwenye shimo, na vidonda vilivyokaa miaka vikafunga. Baadae alihamia Carville, Louisiana kule Marekani, na mbinu hiyo ikachukuliwa kwa watu wa sukari, mpaka leo ndiyo inayoongoza kwa kidonda cha unyayo kama cha babako. Si mafuta wala poda. Ni kuondoa uzito.

Mimi na wewe tukiwa na kidonda unyayoni tunachechemea. Kule kuchechemea ndio matibabu, hatujui tu. Babako hachechemei. Kila hatua uzito wake wote unakanyaga ile ngozi changa iliyoota usiku. Kwa hivo ami atie asali, jirani akataze samaki, mamako aite muumikaji, akiendelea kutembea ni kazi bure.

Ile ngozi nene ya pembeni ni sugu, inabana kama jiwe ndani ya kiatu. Inatakiwa ikwanguliwe na mtu aliyesomea na vifaa safi. Si wembe nyumbani! Nimeona mengi ya wembe.

binti_langoni

Mama nesi Mola akujaze kheri. Umeposema wembe nimecheka kisha nikalia. Ijumaa nilimkuta nyuma ya nyumba anaichonga ile sugu kwa PATASI. Patasi ya mbao. Nikapiga ukelele, akanambia "mbona unanitishia punda, haiumi".

Pepopunda hakudungwa. Kijiti hakikuingizwa. Naandika kila kitu kwenye daftari, tunarudi kesho.

maabara_malindi

Dada binti pole, mimi nafanya kazi maabara hapa Malindi, nesi kamaliza yaliyo muhimu sasa mimi nijibu lile swali lako la zimechokaje manake ni swali zuri na watu hawaelezwi, wanaambiwa tu una sukari basi vumilia.

Ngozi ya juu kabisa ni ya seli zinaitwa keratinosaiti. Zinazaliwa chini, zinapanda juu polepole, zinakufa, zinapukutika, kama mwezi hivi au zaidi kidogo unakuwa umebadilisha ngozi ya juu yote. Ukijikata, zile za ukingoni zinaacha kazi yao ya kupanda, zinajilaza bapa na kuanza kutambaa kuelekea katikati mpaka zikutane na za upande wa pili. Ndio maana kidonda hufunga kutoka pembeni, hakianzi katikati. Chini yake kuna seli nyengine, faibroblasti, hizi ndizo zinasuka kolajeni, yaani ile kamba kamba inayoshikilia ngozi, zinajaza shimo ili zile za juu zipate pa kutambalia. Halafu kuna seli za ulinzi, kuna zinaitwa makrofaji, hizi mimi ndio nazipenda zaidi manake zina kazi mbili: mwanzo zinakuja kwa ukali, zinakula vijidudu na nyama iliyokufa, alafu kazi hiyo ikiisha zinabadilika tabia zinakuwa za kujenga, zinawaita faibroblasti na mishipa midogo ya damu ije.

Kwa mtu wa sukari pale pa kubadilika ndipo panapokwama. Makrofaji zinabaki kwenye ukali wao. Wiki ya pili wiki ya tano wiki ya tisa bado zinapigana vita vilivyoisha, zinamwaga vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, kwa hivo faibroblasti zikisuka usiku, asubuhi kishafumuliwa. Ukiangalia kidonda unaona kipo vilevile unadhani seli zimelala, kumbe zinafanya kazi sana tu ila kazi inavunjwa palepale. Hapo mimi neno "zimechoka" naona si sawa sana, ingawa kuna sehemu yake ya kweli, nakuja.

Kuhusu sukari yenyewe. Sukari ikizidi kwenye damu inajibandika kwenye protini bila kuombwa. Ile HbA1c mnayopimwa ndio hiyohiyo, ni kupima ni kiasi gani cha sukari kimejibandika kwenye damu nyekundu, na kwa vile chembe nyekundu huishi kama siku 120 ndo inatuambia habari za miezi mitatu hivi. Lakini kolajeni ya ngozi haiishi siku 120, inakaa miaka na miaka, kwa hivo sukari inajibandika inajibandika mpaka inakuwa ngumu. Mzee wako fundi ataelewa, ni kama kamba iliyokaukiwa na chumvi, ipo, haijakatika, lakini haipindiki. Seli haziwezi kushika vizuri zikatembea juu yake.

Na kuchoka sasa. Faibroblasti za kidonda cha muda mrefu nyingi zinazeeka kabla ya wakati, hazigawanyiki tena, lakini hazifi pia, zinakaa tu na kutoa ishara zinazowasha moto kwa jirani zake. Watu wamezichukua kwenye vidonda vya sukari wakaziweka maabara, chakula cha kutosha, sukari ya kawaida kabisa, na bado zinajikokota. Ni kama zinakumbuka. Kwa hivo mzee akishusha sukari leo asitegemee kidonda kifunge kesho, seli zina deni la nyuma, lakini akiiacha juu hata hiyo nafuu ndogo haipati, na zile seli nyeupe zinazoua vijidudu zinakuwa zito kwenye damu yenye sukari nyingi.

Ndo maana pia nesi anasema ile sugu ikwanguliwe. Si kwa usafi tu. Seli za ukingoni pale zimerundikana juu ya juu badala ya kutambaa, zimesahau njia. Ukizitoa mpaka ufike kwenye zenye afya, patoke damu kidogo, kidonda cha zamani kinageuzwa kidonda kipya na saa inaanza upya kuhesabu. Daktari akikwangua msiogope damu, patasi ndo muogope.

Jengine, kidonda kisiachwe wazi "kipate upepo". Nilisomeshwa hivo utotoni na nyinyi pia. Mwaka 1962 Muingereza mmoja, George Winter, aliweka vidonda vidogo kwenye nguruwe (samahanini), vyengine akaviacha wazi vikauke, vyengine akavifunika vibaki na unyevu, vya unyevu vikaota ngozi kama mara mbili kwa haraka. Sababu ni ileile, keratinosaiti zinatambaa pabichi, zikikuta gaga kavu inabidi zipite chini yake kwa kuchimba. Lakini unyevu si maji, msimloweke mguu kwenye beseni.

tibazetu_amu

Nguruwe tena. Ndo mnatuletea elimu ya nguruwe mnaacha dawa ya Mtume. Asali imetajwa kwenye Quran nyie mnapinga?

maabara_malindi

Shekhe mimi nani nipinge asali. Asali inavuta maji kwenye vijidudu inaviua, ina asidi kidogo, hospitali nyengine duniani wanayo ya kidonda kabisa. Lakini ile ya hospitali inapigwa miale kwanza kuua mbegu za vijidudu, ya msituni inaweza kuwa nazo, na kwa kidonda cha sukari haijathibitishwa kwamba inashinda bandeji nzuri ya kawaida. Neno langu si asali, neno langu ni zile siku 21. Wewe umewahi kumuuliza mteja wako anatembea au hatembei? Na kijiko cha asali asubuhi unampa mtu mwenye 17?

tibazetu_amu

Sijakwambia anywe nyingi.

nesi_mstaafu_faza

Mwanangu tibazetu, nakujua unatafuta riziki na sikuvunjii. Nikuombe moja tu. Akija kwako mtu wa sukari na kidonda mguuni, kabla hujampa chupa mwambie apite hospitali aonekane, kisha arudi. Dawa yako haitaharibika.

Na kuumika, mwambie mamako asimpeleke. Mguu usiosikia na damu haifiki vizuri, kisha unauchanja kwa makusudi! Badala ya kidonda kimoja mtakuwa na kumi. Damu si chafu. Kama kuna shida ya damu ni kwamba haifiki, mishipa mikubwa ya mguu huziba kwa watu wa sukari hasa wavutaji sigara. Anavuta? Kesho muulize daktari apapase mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Yasiposikika hiyo ni safari ya Mombasa, wakaangalie mishipa, na plasta ngumu wasimfunge kabla ya hapo.

Samaki ALE. Jirani apuuzwe. Kolajeni aliyoeleza huyu kijana inasukwa kwa protini, na protini ya Amu ni samaki. Changu, tafi, kolekole, wa kuchoma au mchuzi. La kupunguza ni lile sinia la wali wa nazi na mahamri na chai ile ya vijiko vinne, na soda anayoteremshia miraa kama ni mtu wa miraa. Hapa sitahubiri.

binti_langoni

Sigara aliacha, miraa na soda ndio kwake hapo hapo 😅 chupa mbili kila jioni. Sikuwahi kuzihesabu kama ni chakula.

Sasa swali la aibu kidogo. Udhu. Mara tano kwa siku anaosha mguu na bandeji inaloa, anaifungua, anaifunga ileile. Na anakwenda msikitini pekupeku kutoka pale pa kuvulia viatu mpaka ndani, adhuhuri lile jiwe linachoma. Nikimwambia aswali nyumbani ananiangalia kama nimekufuru.

mwalimu_madrasa_pate

Dadangu hilo halina aibu. Mwenye jeraha lililofungwa haamrishwi kulifungua na kuliharibu. Anaosha pale pazima, juu ya bandeji anapangusa kwa mkono ulioloa, na anatayamamu kwa ajili ya ile sehemu isiyofikiwa na maji, ndivyo tulivyosoma sisi Mashafii. Na asiyeweza kusimama huswali ameketi na thawabu zake kamili. Mpelekeni imamu wake amwambie yeye mwenyewe, kwa mzee maneno ya imamu yataingia kuliko ya binti yake, usiumie kwa hilo, wazee ndivyo walivyo.

Na hilo jiwe la adhuhuri nashukuru umelitaja. Kuna mzee wetu aliungua nyayo zote mbili siku ya Ijumaa, kaona malengelenge usiku.

maabara_malindi

Kuloa na kufunga ileile ndo mbaya kuliko kuloa. Ngozi ya pembeni ikiloweka inakuwa nyeupe inalainika inamomonyoka, kidonda kinapanuka. Akiloa abadilishwe. Akaushwe na katikati ya vidole. Mafuta ya mgando apake mguuni kote kasoro katikati ya vidole. Na msitumie spiriti wala haidrojeni peroksaidi kila siku, ile inayotoa povu watu wanafurahi, lile povu linaua hata zile faibroblasti mnazozisubiri. Maji ya chumvi safi ya hospitali yanatosha. Mafuta ya taa sitasema kitu.

Na kwa kumalizia kabisa, pengine utauliza kama kuna dawa ya seli zenyewe. Ipo, si huku kwetu kwa wingi na bei yake ni ya kutisha. Marekani kuna ngozi inayooteshwa maabara inaitwa Apligraf, iliruhusiwa 1998 kwa vidonda vya miguu vya vena, ile mishipa inayorudisha damu moyoni, na 2000 kwa vidonda vya miguu ya sukari. Ina keratinosaiti juu na faibroblasti chini, hai, inawekwa juu ya kidonda. Haibaki pale milele, inatoa ishara tu kuziamsha za mwenyewe. Na hizo seli zinatoka wapi, mtacheka, zinatoka kwenye govi za watoto wachanga waliotahiriwa.

kijana_wa_mokowe

Subiri. SUBIRI. Govi??

maabara_malindi

Govi. Seli changa zinagawanyika vizuri, na kipande kidogo tu kinatoa ngozi nyingi sana.

kijana_wa_mokowe

Mwanzo nguruwe sasa govi. Na sisi Amu miaka yote tunazifukia tu jamani. Tungekuwa matajiri.

nesi_mstaafu_faza

😂😂 Astaghfirullah. Mmenichekesha mpaka wajukuu wameniuliza kuna nini na siwezi kuwaambia.

mjukuu_wa_kalafati

Nimesoma yote nimecheka ila nataka niseme moja kwa binti. Mimi babu yangu alikuwa wa kalafati, amepiga pamba kwenye mashua Amu nzima mpaka Faza. Wewe mzee wako humwambii habari za makrofaji atakufukuza. Muulize hivi: baba, chombo kikivuja, unakikalafati kiko baharini? Atakwambia hapana, unakipandisha pwani, unakiegemeza kwenye magogo, kinakauka, unatoa pamba ile mbovu yote mpaka ufike kwenye mbao nzima, ndio unatia mpya, na hakirudi majini mpaka fundi aseme. Na chombo cha mtu kikiwa juu tajiri hawezi kumwambia fundi nipe nikavue leo ntakurudishia jioni. Basi mwambie mguu wako ndo chombo, uko juu. Na ile patasi, muulize kama yeye anaruhusu mvuvi ajikalafatie mwenyewe.

Mashua ya watu amkabidhi mwanafunzi wake, yeye akae kwenye kiti aelekeze kwa mdomo. Babu yangu miaka yake ya mwisho alifanya kazi hivo, mdomo tu, na walikuwa wanamuogopa zaidi. Na kutoka nyumbani apandishwe punda, asitembee mpaka gatini.

binti_langoni

Narudi siku nne baadae, samahani kwa kimya.

Pepopunda kadungwa. Eksirei kapigwa, mfupa mzima alhamdulillah. Daktari aliyekuwepo safari hii alimgusa unyayo kwa uzi fulani mgumu kama mshipi wa kuvulia, mzee kafumba macho aseme ndio akisikia. Sehemu kumi kasikia tatu. Hapo nilimuona uso umebadilika, manake yeye alikuwa anadhani ameguswa tatu tu. Mapigo ya juu ya mguu yapo, ya nyuma ya kifundo hafifu, kaandikiwa kipimo cha mishipa Mombasa. Wamekwangua ile sugu, ilitoka kama kipande cha nazi. Plasta ngumu hawakumfunga mpaka kipimo kitoke, kapewa kiatu cha kunyanyua mbele, mbele ya mguu haigusi chini kabisa, na magongo. Insulini kaanzishwa, usiku.

Daktari kasema tupime kidonda kwa rula kila wiki tuandike, kisipopungua kufika nusu ndani ya wiki nne turudi wabadilishe mpango, tusikae tena tisa. Sasa ni milimita 27 kwa 24. Naweka hapa niwe na pa kuangalia.

Ile ya chombo nilimwambia jana baada ya isha. Alinyamaza muda. Kisha akaniuliza, huyo babu wa kalafati ni wa mtaa gani. Sikuwa na jibu. Yeo asubuhi kamwita mwanafunzi wake kampa patasi.

mjukuu_wa_kalafati

Mwambie wa Mkomani, karibu na pwani. Atamjua.

nesi_mstaafu_faza

27 kwa 24. Nimeandika kwenye kalenda yangu mwanangu. Jumatano ijayo nataka nambari.